Padre Aliyejua Mengi: Maisha ya G. K. Chesterton



Wiki hii mtu wetu si mtakatifu. Namaanisha Kanisa halijamtangaza, na sababu yake nitaifikia huko mbele, maana si rahisi kuimeza. Ni mwandishi wa Kiingereza, mnene kwelikweli, msahaulifu kupita kiasi, aliyekuwa akitembea mitaa ya London na joho jeusi, kofia pana, na fimbo iliyofichwa upanga ndani yake. Jina lake Gilbert Keith Chesterton. Aliandika vitabu karibu 80 na makala maelfu, lakini wengi duniani wanamkumbuka kwa sababu ya padre mmoja mfupi mwenye mwavuli, mpelelezi wa kwenye hadithi, anayeitwa Father Brown. Sisi tumwite Padre Brown.

Kama unapenda filamu za upelelezi unajua mchezo wao: maiti imepatikana, kila aliyemo ndani ya nyumba ana siri, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Chesterton aliuchukua mchezo huo huo akamweka katikati yake mtu ambaye kazi yake ni kusikia siri na kutozisema. Alivyofika hapo ndiyo habari ya leo.

Alizaliwa Kensington, London, tarehe 29 Mei 1874. Baba yake, Edward, alikuwa wa ukoo wenye biashara ya udalali wa nyumba na mashamba, mtu mpole aliyependa kuwatengenezea wanawe michezo ya vikaragosi. Gilbert alikuwa na dada aliyefariki akiwa mtoto, na baadaye, mwaka 1879, akazaliwa mdogo wake, Cecil. Hao wawili walibishana tangu Cecil alipoanza kuongea mpaka utu uzima, na inasemekana hawakuwahi kugombana. Dini nyumbani ilikuwa nyepesi. Gilbert alibatizwa Kianglikana, basi.

Mwaka 1893 akaingia shule ya sanaa ya Slade kujifunza uchoraji. Hapo ndipo maisha yake yalipoingia giza. Uchoraji haukwenda, imani hakuwa nayo, akaanza kuchezea ubao wa kuita mizimu pamoja na ndugu yake. Miaka mingi baadaye, alipoandika habari za maisha yake, alisimulia jambo ambalo mtu mwenye heshima zake angelinyamazia: kwamba kipindi kile akili yake iliweza kuwaza uovu wa kila namna, hata ule ambao hakuutenda wala hakuwa na nia ya kuutenda. Aliuona ubaya ukiwa ndani yake mwenyewe kama mgeni aliyekwishavua viatu. Wengine wangeuficha ukurasa huo. Yeye aliuweka kitabuni, na kwa maoni yangu bila ukurasa ule hakuna Padre Brown.

Alitoka kwenye giza lile polepole, kwanza kwa shukrani tu, kwa kushangaa kwamba yupo na dunia ipo. Mwaka 1901 akamwoa Frances Blogg, Mwanglikana mcha Mungu kuliko yeye. Siku ya harusi, tarehe 28 Juni, wakiwa njiani kwenda fungate, bwana harusi alisimama dukani kunywa glasi ya maziwa, kisha akaingia duka jingine akanunua bastola na risasi, akilini mwake akijiona anamlinda bibi harusi na maharamia. Treni waliyokusudia wakaikosa. Frances alijua mapema ameolewa na mtu wa aina gani. Watoto hawakujaliwa, na lilikuwa jeraha kwao wote wawili. Nyumba yao ikajaa watoto wa wengine.

Sasa tuje kwenye matembezi.

Miaka ya mwanzo ya 1900 Chesterton alialikwa kuhutubia mji wa Keighley, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kati ya watu aliotambulishwa kwao usiku ule kulikuwa na padre Mkatoliki, Mwairishi, John O'Connor, paroko msaidizi tu, kijana bado. Walipendana. Wakatembea pamoja kuvuka nyika zenye upepo mpaka mji wa Ilkley, wakizungumza njia nzima. Chesterton alimweleza padre jambo moja alilotaka kulitetea gazetini, linalohusu maovu ya jamii. Padre akamwambia kwa upole kwamba hajui anachokizungumzia, akamfafanulia mambo fulani ya uovu wa wanadamu ambayo yeye alikuwa ameyajua katika utume wake. Chesterton, mwandishi wa jiji kuu aliyedhani ameona yote, alishtuka. Hakujua kwamba mambo hayo yapo.

Walipofika nyumba waliyoalikwa wakakuta wageni, wakiwemo vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Maongezi yakahamia muziki na sanaa, na O'Connor akaonyesha anavijua. Alipotoka chumbani, vijana wale wakamsifu, halafu mmoja akasema maneno ambayo tumeyasikia sote: kwamba padre ni mtu mzuri, lakini amefungiwa kwenye dunia yake, hajui uovu halisi wa maisha, na kutojua kwake si jambo la kujivunia. Chesterton alijizuia asicheke. Alikuwa ametoka kusikia kutoka kwa padre huyo huyo mambo ambayo mabwana wale wadogo wasingeyaota, nao wakimhurumia kwa ushamba wake.

Wazo likamjia papo hapo. Hadithi ambayo kila mtu anamdhania padre hajui kitu, kumbe anajua kuliko polisi na kuliko wahalifu wenyewe. Ili kumficha rafiki yake alimbadilisha sura. O'Connor alikuwa nadhifu na mchangamfu. Brown akawa na uso wa mviringo kama andazi, kofia isiyomkaa, vifurushi mkononi na mwavuli unaoanguka kila mara.

Hadithi ya kwanza ilitoka mwaka 1910 na kitabu cha kwanza mwaka 1911. Katika hadithi hiyo padre anasafiri kwenda Kongamano la Ekaristi mjini London akiwa na msalaba wa fedha wenye vito vya buluu. Mwizi mkubwa wa Ufaransa, Flambeau, anavaa kanzu ya kipadre ili amwibie. Msalaba unaokolewa, na Brown anamweleza mwizi mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza dhambi za watu hawezi kukosa kujua hila za wezi. La pili linanifurahisha mimi binafsi, kwa kuwa nimesota miaka mitatu na falsafa: alimtambua kuwa si padre wa kweli pale Flambeau alipoanza kuidharau akili ya mwanadamu, akidhani ndivyo watu wa dini wanavyoongea. Hiyo ni teolojia mbovu, na padre aliyesoma asingeisema. Mnaosema imani ni kufumba macho, Brown angewaomba vitambulisho.

Wakati huo bingwa wa wapelelezi wa hadithini alikuwa Sherlock Holmes, anayechunguza majivu ya tumbaku na tope la viatu. Holmes anamtazama mtu kwa nje kama daktari anavyomtazama mdudu chini ya darubini. Brown hana darubini. Na kuna hadithi moja, ya nyundo, ambayo ningependa kila kijana wa parokia aisome.

Mwanajeshi mmoja mwasherati, Kanali Bohun, anakutwa amekufa nje ya karakana ya mhunzi, kichwa kimepondwa kwa nyundo ndogo. Kijiji kizima kinajua marehemu alikuwa akimfuata mke wa mhunzi, kwa hiyo vidole vyote vinaelekea kwa mhunzi. Lakini mhunzi alikuwa mbali na mashahidi wapo. Basi vidole vinahamia kwa mke, kwa sababu nyundo ni ndogo. Kisha vinahamia kwa kijana mwenye ulemavu wa akili aliyekuwa kanisani asubuhi ile, na huyo ndiye anayewafaa wote, maana hana wa kumtetea. Na anayemtaja huyo ni mchungaji wa kanisa la pale, ndugu wa marehemu, mtu wa sala.

Samahani, nitawaharibia mwisho. Muuaji ni huyo mtu wa sala. Alikuwa juu mnarani, amepiga magoti, akamwona ndugu yake chini mdogo kama sisimizi, na hasira aliyokuwa ameiita takatifu ikaachia nyundo. Brown anapanda naye juu ya mnara ule ule, peke yao, na kumweleza yote alivyofanya na alivyowaza. Anamwambia pia kile alichokiona chema ndani yake: hakutaka mhunzi anyongwe, na alimtaja yule mgonjwa kwa kudhani mahakama haitamwadhibu. Halafu anamwambia kwamba yeye hatasema neno kwa mtu, atalifunga kwa muhuri ule ule wa kitubio. Uamuzi ni wako. Mchungaji anashuka ngazi na kwenda mwenyewe kwa polisi.

Msomaji wa kawaida anaweza kukasirika hapo. Padre anajua muuaji ni nani, wasio na hatia wanashukiwa, naye ananyamaza? Lakini tazama anavyonyamaza. Hajaiacha siri ikae kama ilivyo. Ameibeba mpaka kwa mwenyewe na kumwachia nafasi ya kuitoa kwa kinywa chake. Padre wetu wa leo anafungwa kwa ukali zaidi kuliko Brown, kwa sababu kile alichokisikia kwenye kitubio hawezi kukitaja kwa neno wala kwa ishara, hata akitishiwa kufa, na akivunja muhuri moja kwa moja anajipatia adhabu ya kutengwa na Kanisa. Wewe unayeahirisha kuungama kwa kuogopa paroko atakuonaje kesho yake kwenye kwaya, fikiria hilo.

Kuna na hadithi nyingine, ambayo walinzi wanne wanaapa hakuna mtu aliyeingia mlangoni, na Brown anaona nyayo. Aliyeingia ni tarishi wa posta. Walimwona wote wala hakuna aliyemhesabu kuwa ni mtu, kwa kuwa alikuwa na sare na alifika kila siku. Na zipo nyingi ambazo wenyeji wanakimbilia laana ya ukoo au mizimu, na padre ndiye pekee anayekataa na kutafuta mkono wa mwanadamu. Huku kwetu ambako mtu akifa ghafla jina la bibi fulani mwenye macho mekundu linatajwa kabla mazishi hayajafanyika, padre wa namna hiyo angekuwa na kazi.

Hadi hapa Chesterton alikuwa bado si Mkatoliki. Na kabla hajawa, shaka ilimpata yeye mwenyewe, kwenye maisha halisi, na hapa ndipo simulizi inapokuwa ngumu.

Mwaka 1912 Serikali ya Uingereza ilikuwa na mkataba na kampuni ya Marconi wa kujenga mitambo ya mawasiliano ya redio. Ikajulikana kwamba mawaziri, akiwemo Mwanasheria Mkuu Rufus Isaacs na waziri wa fedha Lloyd George, walinunua hisa za kampuni dada ya Marconi ya Marekani. Mkurugenzi wa Marconi ya Uingereza alikuwa Godfrey Isaacs, ndugu wa Rufus. Bungeni walikana kufanya biashara na kampuni ya Uingereza, wakanyamaza kuhusu ile ya Marekani. Kuuliza maswali ilikuwa haki. Lakini Cecil Chesterton, mwenye gazeti kali, alimshambulia Godfrey Isaacs kupita ushahidi aliokuwa nao, na mashambulizi yake yakajaa dharau kwa Wayahudi, maana akina Isaacs walikuwa Wayahudi. Godfrey akafungua kesi ya jinai. Mwaka 1913 Cecil akakutwa na hatia ya kukashifu na kutozwa faini ya pauni 100.

Gilbert alisimama na ndugu yake, na si kwa undugu tu. Cecil alipokwenda vitani mwaka 1916 aliliendesha gazeti lile. Cecil alikufa katika hospitali ya jeshi huko Ufaransa, Desemba 1918, na Gilbert akamwandikia Rufus Isaacs barua ya wazi yenye uchungu mkali. Kwa miaka mingi aliandika kuhusu Wayahudi kana kwamba ni wageni wa kutiliwa shaka popote walipo. Katika kitabu cha mwaka 1920 alifika hata kupendekeza kwamba Wayahudi wa Uingereza wavae mavazi ya Kiarabu ili wajulikane si wenyeji. Miaka ya 1930, Hitler alipoanza kuwatesa, Chesterton alimpinga hadharani, hilo ni kweli na lihesabiwe. Lakini mtu aliyemwumba Brown, anayekataa kumshuku mtu kwa sura au kwa kabila la dhambi aliyodhaniwa kuwa nayo, alilishuku taifa zima. Mwaka 2019 Askofu Peter Doyle wa Northampton, jimbo alikoishi Chesterton, alitangaza hatafungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na suala la Wayahudi lilikuwa moja ya sababu zake, pamoja na kukosekana kwa ibada ya waamini wa mahali pale kwake na kutoonekana wazi kwa mtindo wake wa maisha ya kiroho. Wapenzi wa Chesterton walihuzunika. Mimi nampenda pia, na nadhani askofu alifanya sawa.

Tarehe 30 Julai 1922, Jumapili, O'Connor alifika Beaconsfield, mji mdogo wa Chesterton, pamoja na mtawa Mbenediktini, Ignatius Rice. Walimkuta Gilbert kwenye kiti, anasoma katekisimu na kukunja uso kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mchana aliwamiminia wageni divai, mwenyewe akanywa maji. Mji haukuwa na kanisa Katoliki. Misa ilisaliwa kwenye ukumbi wa dansi wa hoteli ya stesheni, wenye paa la mabati. Humo ndimo alimopokelewa. Gilbert alipokuwa akiungama, Frances na Padre Rice walitoka wakakaa kwenye benchi la baa ya hoteli, Frances akilia. Yeye alimfuata mumewe katika Kanisa miaka minne baadaye, tarehe 1 Novemba 1926.

Padre aliyekaa kusikiliza maungamo ya Gilbert siku ile alikuwa O'Connor. Yaani mtu aliyemwumba Brown alikwenda kuweka siri zake za miaka 48 mbele ya Brown wa kweli, yule yule aliyetembea naye kwenye nyika. Alipoulizwa baadaye kwa nini aliingia Ukatoliki, jibu lake lilikuwa fupi: ili aondolewe dhambi zake.

Mwaka 1927 kikatoka kitabu kiitwacho The Secret of Father Brown. Flambeau, aliyeacha wizi zamani, anaishi Hispania, na mgeni kutoka Marekani anamsumbua Brown aseme siri ya upelelezi wake. Anahisi ni uchawi au sayansi mpya. Padre, akiona haya, anajibu kwamba watu wale wote aliwaua yeye. Mgeni anapigwa na butwaa. Brown anaeleza kwamba kila mara alijiingiza ndani ya muuaji, akawaza kama yeye, akakasirika kama yeye, mpaka akaona kwamba angeweza kabisa kutenda vile. Kilichobaki kilikuwa kushika mkono usiachie nyundo. Anayaita hayo zoezi la kiroho. Mwishoni mwa kitabu Flambeau anajitambulisha kwa mgeni kuwa ndiye mwizi yule, na kusema kwamba waliomlaani na kumhubiria walikuwa wengi wala hawakumgusa. Ni huyu mmoja tu aliyemwambia anajua barabara kwa nini aliiba, na tangu hapo hakuiba tena.

Waandishi wa upelelezi walipoanzisha klabu yao London, karibu mwaka 1930, Chesterton ndiye aliyekuwa rais wa kwanza, na Agatha Christie na Dorothy Sayers walikuwa wanachama. Waliapa mkono ukiwa juu ya fuvu la kichwa kwamba hawatamficha msomaji dalili yoyote muhimu. Padre Ronald Knox naye alikuwemo, mtunzi wa kanuni kumi za hadithi za upelelezi, ambazo mojawapo inakataza mzimu kuwa jibu la fumbo.

Kitabu cha maisha yake Chesterton alikimaliza siku zake za mwisho. Humo ameirudia kesi ya Marconi, na anaeleza jambo ambalo sikulitarajia: Godfrey Isaacs, adui wa Cecil, alipokea imani Katoliki muda mfupi kabla ya kufa. Cecil naye alikuwa amefia katika Kanisa hilo hilo. Gilbert anaandika kwamba hakuna ambaye angefurahi kuliko ndugu yake, na anawaombea wote wawili pumziko la amani, kwa pamoja.

Alifariki Beaconsfield Jumapili tarehe 14 Juni 1936, siku tatu baada ya sikukuu ya Mwili wa Kristo. Padre Vincent McNabb, Mdominikani, alikuja kumwimbia Salve Regina kitandani, kisha akaiona kalamu yake mezani, akaibusu. Misa ya kumwombea ilifanyika tarehe 27 Juni katika Kanisa Kuu la Westminster. Knox alihubiri. Aliyeadhimisha Misa alikuwa John O'Connor.

Mwaka uliofuata O'Connor alitoa kitabu cha kumbukumbu zake juu ya rafiki yake. Amesimulia matembezi, vicheko, chakula, vitabu, hata ile Jumapili ya ukumbi wa mabati. Aliishi hadi mwaka 1952. Aliyoyasikia Gilbert alipopiga magoti mbele yake hayamo.